Kompyuta ya Simuleta ya Ndege kwa Fedha Kidogo: Ushauri kwa Wanunuzi wa Bukoba na Muleba

Wasomaji wa Bukoba na Muleba mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue kompyuta gani, kwa fedha kidogo niliyonayo, ili nirushe ndege nyumbani kwenye simuleta? Anauliza mwanafunzi wa PCM anayetaka kuwa rubani. Anauliza mzazi wa Kamachumu ambaye binti yake hana wimbo mwingine ila ndege. Anauliza pia mtumishi wa Kashai anayetafuta burudani ya jioni. Wote mnataka mashine kamili, ya kuchomeka na kuwasha, na wengi mnaogopa kutapeliwa.

Jibu langu ni hili: nunua kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, yenye boksi kubwa na prosesa ya jenereshoni ya 8 au zaidi, kisha iwekewe kadi ya picha isiyohitaji waya wake wa umeme. Ushauri huu una mitego yake, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Chagua simuleta kwanza, mashine baadaye

Kosa la kwanza hutokea kabla mtu hajafika dukani. Ananunua kompyuta, ndipo anauliza itaendesha programu gani. Geuza mpangilio huo, kwa sababu simuleta zinapishana sana kwa uzito na kwa bando zinazokula.

- FlightGear. Ni ya bure kihalali, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1990. Unaanza na Cessna 172. Unaweza kupakua ramani ya Kanda ya Ziwa mara moja, kisha ukaruka bila bando. Inakubali hata kompyuta isiyo na kadi ya picha ukipunguza mapambo.
- X-Plane 11. Ilitoka 2017 na bado inafaa sana kwa kujifunzia. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaiwasha. Ikiwa na GB 16 na kadi ya picha yenye GB 4 inatulia.
- X-Plane 12. Ilitoka 2022. Watengenezaji wanasema kiwango cha chini ni prosesa ya kori nne, RAM ya GB 8 na kadi yenye GB 2. Mimi nakushauri usiiguse ukiwa chini ya RAM ya GB 16 na kadi ya GB 4.
- Microsoft Flight Simulator ya 2020. Inapendekezwa RAM ya GB 16, kadi ya daraja la GTX 970 yenye GB 4, nafasi ya GB 150 kwenye diski na intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde.
- Microsoft Flight Simulator 2024. Inaanzia RAM ya GB 16, na kiwango kinachopendekezwa ni GB 32 pamoja na kadi ya GB 8. Hii huvuta picha za dunia kutoka intaneti wakati uleule unaporuka.

Najua mtakachosema: ya Microsoft ndiyo inayopendeza macho. Ni kweli, milima na nyumba zake zinaonekana kama za picha halisi. Lakini piga hesabu ya bando. Mzigo wa GB 100 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua takribani saa 44 mfululizo, bila mtandao kuyumba hata mara moja. Kwa megabiti 20 ni saa 11. Mwenye faiba nyumbani mjini Bukoba anaweza kuimudu. Anayetegemea bando ya simu huko Nshamba au kisiwani Bumbire atakuwa amenunua mashine ghali ya kutazamia mstari wa kupakua.

Kwa hiyo, kama huna intaneti isiyopimwa, lenga X-Plane au FlightGear. Katika X-Plane unaweza kuchagua ramani za Afrika peke yake badala ya dunia nzima, na hapo mzigo wa kupakua hupungua mno. Mwenye ndugu Mwanza au Dar es Salaam amwombe apakulie huko na kuleta kwenye diski ya nje. Leseni lazima iwe yako. Nakala za wizi ziache. Nyingi huja na virusi, na ile ya Microsoft iliyoibwa haipati ramani zinazotoka mtandaoni, ambazo ndizo uzuri wake wote.

Prosesa: soma namba, usisome jina

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji anakwambia "hii ni i7", nawe unaona umepata. Jina hilo peke yake halina maana. Core i7-2600 ni ya 2011. Core i3-12100 ni ya 2022, na ingawa ni "i3" tu, kori yake moja ina kasi kubwa kuliko ya ile i7 ya zamani. Simuleta za ndege hulundika sehemu kubwa ya kazi kwenye kori moja, hivyo kasi ya kori moja ndiyo unayoinunua.

Namna ya kusoma ni rahisi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari:

- i5-4570 ni jenereshoni ya 4. Iache.
- i5-6500 na i5-7500 ni za 6 na 7. Chukua kama bei ni ya chini sana, na ujue zina mwisho.
- i5-8500 na i5-9500 ni za 8 na 9. Hapa ndipo mwenye bajeti ndogo anapaswa kulenga.
- i5-10400 na i3-12100 ni za 10 na 12. Ukizipata kwa bei unayoimudu, usisite.

Kwa nini nasisitiza jenereshoni ya 8? Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya hapo, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa AMD, nyingi za Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu zinakubalika. Ukiwa tayari na mashine ya zamani usiitupe: X-Plane na FlightGear zinafanya kazi pia kwenye Linux, ambayo ni ya bure.

Kuna mtego mwingine, Xeon za zamani. Utaambiwa ina kori 12 au 16, na bei yake itakushawishi. Kwa kazi ya kuhariri video inaweza kufaa. Kwa simuleta, kori nyingi zilizo polepole zitakaa bure wakati moja inahangaika. Usinunue.

Kadi ya picha, na kwa nini boksi dogo litakunyima raha

Kompyuta za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara. Makampuni ya nje huziuza kwa wingi yanapobadilisha vifaa, ndiyo maana bei yake huwa nafuu. Tatizo ni kwamba modeli moja huja kwa maumbo tofauti, na muuzaji huyataja yote kwa jina moja.

Boksi kubwa la kusimama hupokea kadi ya kawaida. Boksi jembamba hupokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu na bei yake hupanda kwa sababu hiyo. Lile dogo la ukubwa wa kitabu halipokei kadi yoyote, na zile ambazo kompyuta na skrini ni kitu kimoja ziko katika kundi hilo hilo. Nimeona watu wakifurahia udogo wa mashine, wakaja kujua baadaye kwamba wamejifungia mlango.

Halafu kuna pawa saplai. Nyingi za mashine hizi za ofisi zina pawa saplai ya wati 180 hadi 300, haina waya wa kulisha kadi ya picha, na plagi zake kwenye ubao mama ni za kiwanda chenyewe. Fundi hawezi kuchomoa na kuweka yoyote aliyo nayo. Hata hivyo, tundu la kadi kwenye ubao mama lina uwezo wa kutoa hadi wati 75, na zipo kadi zinazotosheka na hizo:

- GTX 1050 Ti, GB 4. Ya zamani, bado inabeba X-Plane 11 vizuri.
- GTX 1650, GB 4. Hili ndilo chaguo langu kwa wengi wenu. Hakikisha ni toleo lisilo na tundu la waya juu yake, kwa maana yapo yenye tundu.
- NVIDIA T1000. Nguvu yake inakaribia ya GTX 1650. Ni fupi, hivyo inaingia kwenye boksi jembamba.
- RTX 3050 ya GB 6. Bora kuliko zote katika orodha hii. Angalia sana hiyo "GB 6", kwa sababu ile ya GB 8 hula wati 130 na inahitaji waya.
- RX 6400, GB 4. Inatosha kwa umeme, lakini hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubao mama, na kwenye mashine za jenereshoni ya 8 au 9 hupoteza sehemu ya nguvu yake. Iwe chaguo la mwisho.

Kama fedha inaruhusu, tafuta mashine za wahandisi: Dell Precision za boksi kubwa au HP za mfululizo wa Z. Hizi mara nyingi huja na pawa saplai kubwa yenye waya wa ziada, na hapo unaweza kuweka GTX 1660 Super ya GB 6 au RTX 3060 ya GB 12. Fungua boksi uone waya kwa macho yako kabla ya kulipa.

Kompyuta zenye kioo na taa za rangi? Taa haziongezi kasi. Nyingi za bei ya chini zimefungwa kwa prosesa ya zamani na pawa saplai isiyo na jina, kisha zikapambwa. Ukiipenda, isome namba zake kama nilivyoeleza, na uipe thamani ya vilivyomo ndani tu.

RAM na diski

Hapa sina mengi. RAM iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya GB 8, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa pamoja haraka kuliko kimoja cha GB 16. Iwe DDR4, mashine yenye DDR3 ni ya zamani mno kwa kazi hii. Diski iwe SSD ya GB 500 au zaidi. Ukiambiwa kuna diski ya kuzunguka ya TB 1, ni sawa kwa kutunzia picha na muziki, ila simuleta iwekwe kwenye SSD.

Skrini na joistiki visikumalize

Kwenye simuleta, picha 30 kwa sekunde zinatosha kabisa. Huhitaji skrini ya wachezaji wa michezo ya risasi. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ndiyo inayofaa. Ile ya 4K ina nukta mara nne zaidi, na kadi ndogo itazama.

Tenga fedha ya joistiki tangu mwanzo. Logitech Extreme 3D Pro ni ya kawaida na ina kipini kinachozunguka, kwa hiyo unapata usukani wa mkia bila kununua pedali. Ukikosa, anza na padi ya michezo. Kurusha kwa kibodi kunachosha na kunafundisha tabia mbaya.

Laptop je?

Swali hili linatoka zaidi Muleba, na sababu ni umeme. Laptop ina betri yake, na TANESCO wakikata hupotezi safari. Hoja hiyo ina uzito, na mwanafunzi wa bweni anaihitaji zaidi kuliko mtu yeyote. Lakini ujue unachokubali: kadi ya picha haibadilishwi, joto ni kali, na kwa fedha ileile unapata nguvu ndogo kuliko ya mezani.

Ukiamua laptop, soma herufi ya mwisho ya prosesa. Core i5-9300H ni ya kazi nzito. Core i5-8250U ni ya kuandikia barua na kutunza chaji. Ikikutana na simuleta inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Na lazima iwe na kadi ya picha yake, GTX 1650 au zaidi. Laptop ya ofisi yenye picha za Intel peke yake itakufikisha FlightGear, haitavuka hapo.

Wapi pa kununua

*Bukoba mjini.* Faida yake ni kwamba unaweza kurudi. Ikiharibika wiki ya pili, duka lipo. Kama tofauti ya bei na Kariakoo ni ndogo, nunua hapa hapa.

*Mwanza.* Uchaguzi ni mpana zaidi, na mzigo unaweza kuja kwa basi au kwa meli ya MV New Victoria inayofika Kemondo na Bukoba.

*Kariakoo.* Bei ni nzuri na mashine ni nyingi, ila kuna zaidi ya kilomita 1,300 za barabara kati yako na muuzaji. Usitume fedha kwa mtu unayemjua kwa picha tu. Mtume ndugu aliyeko huko, na umpe orodha ya majaribio iliyopo hapa chini. Sharti moja la usafiri: kadi ya picha ichomolewe na ifungwe peke yake. Ikisafiri imechomekwa, mitikisiko ya basi huvunja tundu lake kwenye ubao mama, na hakuna waranti ya hilo.

*Kampala.* Kwa watu wa Kagera ni karibu kuliko Dar. Ukinunua huko, tangaza mzigo kwenye forodha ya Mutukula na utunze risiti. Uliza TRA gharama zote kabla hujavuka kwenda kununua, kwa sababu bei nzuri ya Kampala inaweza kumalizwa na usichokitarajia mpakani.

Popote ununuapo, dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya mashine, na muda wa waranti uandikwe. Maneno ya mdomo hayatakusaidia.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Nenda mchana, na usiwe na haraka. Beba diski ya nje yenye FlightGear au toleo la majaribio la X-Plane 12, ambalo ni la bure, pamoja na programu ndogo za GPU-Z, CrystalDiskInfo na HWiNFO. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu. Anayekataa kabisa, mshukuru na uondoke.

1. Andika dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Linganisha prosesa na RAM na ulichoambiwa.
2. Fungua GPU-Z. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa programu ili zionekane GTX 1050 Ti, na GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina la nyingi kati ya hizo.
3. Fungua CrystalDiskInfo uone afya ya diski.
4. Zima, washa, ingia BIOS. Kama inadai nenosiri ambalo muuzaji hana, mashine hiyo haijaachiliwa na mmiliki wa kwanza. Usiichukue.
5. Andika tpm.msc kuhakikisha TPM 2.0 ipo, maana Windows 11 inaitaka.
6. Tazama nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya mashine zilizotoka Marekani zina swichi ya volti 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, imeungua.
7. Rusha ndege kwa nusu saa huku HWiNFO ikionyesha joto. Prosesa ikikaa juu ya nyuzi 90 muda wote, inahitaji kusafishwa na kubadilishiwa grisi ya joto. Punguza bei au acha.

Hatua ya saba ina jambo ambalo watu wa ziwani lazima mlijue. Ukianzia uwanja wa Bukoba, ambao kwenye simuleta unautafuta kwa herufi HTBU, na ukaelekea Mwanza, HTMW, ni takribani kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Karibu safari yote iko juu ya maji: Bumbire unaiacha kulia, Ukerewe inakuja kushoto ukikaribia kutua. Maji hayana nyumba wala miti ya kuchora, kwa hiyo hata kompyuta dhaifu itaruka kwa ulaini mkubwa. Ukiridhika hapo, umejidanganya. Jaribu kwenye uwanja wa mji mkubwa, Dar es Salaam kama ramani ipo au mji wowote ulio kwenye toleo la majaribio, ndege ikiwa chini na mawingu yakiwa mazito na mvua inanyesha. Washa kihesabu cha picha kwa sekunde. Ikishuka chini ya 20 mara kwa mara, usinunue, kwa sababu X-Plane ikifika hapo hupunguza mwendo wa saa yake yenyewe na unachojifunza hakilingani tena na muda halisi.

Mawingu usiyazime ili kuokoa kasi. Anayejifunza kutua kwenye uwanja wa Bukoba anahitaji kuyajua. Hapa bado tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilipoangukia ziwani ikijaribu kutua na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Mji huu hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Punguza kwanza vivuli, miti na magari ya barabarani. Hali ya hewa ibaki.

Umeme, radi na vumbi

Nunua UPS pamoja na kompyuta, katika safari ileile. Mashine yenye GTX 1650 na skrini hutumia takribani wati 225 ukiwa unaruka. UPS iliyoandikwa 650VA hutoa chini ya wati 400 kwa dakika chache, na kazi yake ni kukupa nafasi ya kuzima kwa utaratibu. Mwenye kadi kubwa achukue 1000VA au zaidi.

UPS haizuii radi ya moja kwa moja. Mwambao huu wa magharibi mwa Ziwa Victoria una ngurumo nyingi, basi ukisikia ya kwanza, zima na uchomoe plagi ukutani, pamoja na waya wa intaneti. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni hii. Wati 225 kwa saa mbili ni watisaa 450. Betri ya kawaida ya asidi ya 12V na 100Ah ina watisaa 1,200, na ili idumu usitumie zaidi ya nusu. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na saa mbili za kuruka na si zaidi. Laptop ingekupa karibu mara mbili ya hapo, na ndiyo sababu kwa watu wa visiwani naipendekeza bila kusita.

Kuhusu vumbi: aliye kandokando ya barabara ya udongo afungue boksi kila baada ya miezi mitatu na alisafishe kwa brashi laini. Usiweke kompyuta sakafuni.

Maswali ambayo hayakosi

*"Saa nitakazoruka nyumbani zitahesabiwa kwenye leseni?"* Hapana. Leseni ya rubani binafsi, kwa viwango vya ICAO, kwa kawaida hudai saa 40 za kuruka, na kifaa chochote cha mazoezi kinachohesabiwa lazima kiwe kimeidhinishwa na mamlaka, kwetu hapa ikiwa ni TCAA. Kompyuta yako haimo. Itakachokupa ni kuzoea vyombo, orodha za ukaguzi, ramani na lugha ya redio, ili ukifika shule ya urubani usilipie saa za ndege kwa kujifunza kipi ni kipi. Ukitaka njia yenyewe, uliza NIT Dar es Salaam, na pia chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki; kwa mtu wa Kagera hakiko mbali.

*"Nisubiri nipate fedha zaidi?"* Kama fedha haijafikia mashine ya jenereshoni ya 8 yenye boksi kubwa, subiri, hata kama ni mpaka msimu wa kahawa. Kama imefika ila haitoshi kadi ya picha, usisubiri. Nunua mashine sasa, anza na FlightGear, kadi itafuata. Boksi kubwa ndilo linalokuruhusu kufanya hivyo.

*"Na ile yenye Ryzen ya herufi G?"* Ni nzuri kwa asiye na fedha ya kadi. Ryzen 5 5600G ina picha za ndani zenye nguvu kuliko za Intel za wakati wake, na inabeba X-Plane 11 kwa mapambo ya chini. Iwe tu na RAM vipande viwili, kwani picha zake huazima RAM hiyo.

*"Duka limeniambia litaniwekea kila kitu, simuleta na yote."* Waambie waweke Windows halali na waache hapo. Simuleta iweke mwenyewe kwa akaunti yako.

Uamuzi wangu

Kwa wengi walioniuliza: Dell, HP au Lenovo ya boksi kubwa, i5-8500 au i5-9500, RAM GB 16 vipande viwili, SSD ya GB 500, GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme, skrini ya kawaida, joistiki moja na UPS. Programu iwe FlightGear mwezi wa kwanza, kisha X-Plane. Kwa wa visiwani na wa bweni: laptop yenye prosesa ya H na GTX 1650. Microsoft Flight Simulator iachwe kwa mwenye faiba na RAM ya GB 32.

Na wazazi, naomba hili: msimnunulie mtoto mashine kwa kumshtukiza. Nendeni naye dukani, mumpe hii orodha ya majaribio aifanye mwenyewe mbele ya muuzaji. Anayetaka kuwa rubani atapaswa kukagua ndege kabla ya kila safari, na anaweza kuanza kwa kukagua kompyuta yake.